Uani: Madrasa ya Kwanza ya Mkono na Moyo

Alasiri, jua linapokwisha kuteremka nyuma ya mapaa na kivuli cha mwembe kikaenea ua mzima, huonekana katika nyumba nyingi za mwambao mtoto wa kike wa miaka saba au minane ameketi mchangani mbele ya kishimo alichokichimba mwenyewe kwa kifuu cha nazi, na ndani ya kishimo mna kokoto kumi na mbili alizozichagua kwa kulingana ukubwa. Huirusha komwe moja juu, na kabla haijarudi mkononi huwa amekwisha kuzikomba kokoto nje. Huirusha mara ya pili, akazirudisha zote shimoni ila moja, ambayo ndiyo pato lake. Komwe ikimponyoka, hana hoja wala rufani: humwachia mwenzake zamu, hukunja mikono juu ya magoti, akangoja. Huo ndio mdako, mchezo walioucheza mabibi zetu kabla yetu, na ambao mtu mzima apitaye na haraka zake huutazama akadhani kuwa ameona watoto wanaopoteza wakati.

Nataka kumsimamisha mpita njia huyo kwa kitambo kidogo, nimwombe autazame tena mkono ule. Jicho linafuata kitu kinachopaa na kushuka. Vidole vinafumba na kufumbua kwa kipimo. Kiwiliwili kimetulia ilhali mkono unakwenda mbio. Na nafsi, baada ya kukosa, inajizuia isighadhibike wala isimnyang'anye mwenziwe. Mkono huo ndio utakaoshika kalamu, sindano, kasia na kisu cha mpasuaji hospitalini. Na moyo ule uliojifunza kungoja zamu mbele ya kishimo ndio utakaongoja zamu katika mambo mazito ya dunia. Stadi za mwili na uwezo wa kujitawala nafsi ni mapacha: huzaliwa pamoja, hulelewa pamoja, na mlezi wao ni mchezo wa kila siku mahali palipo salama.

Mwili una kalenda yake

Mtoto haingii katika madrasa hii akiwa na miaka saba. Huanza siku ile anapolazwa kifudifudi juu ya mkeka, akajaribu kukiinua kichwa kilicho kizito kuliko shingo yake. Toka hapo huendelea kwa daraja ambazo lugha yetu imezipa majina kwa upole mkubwa: hukaa, hutambaa au kusota, husimama dede, huenda tata, kisha siku moja huachia ukuta akavuka ua peke yake huku nyumba nzima ikishangilia. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya kuwafuatilia watoto 816 wazima wa afya katika nchi za Ghana, India, Norwe, Marekani na Oman, hiyo Oman ambayo hata leo Kiswahili husemwa katika nyumba zake nyingi. Ilibainika kwamba mtoto aweza kuanza kukaa bila ya kushikiliwa wakati wowote baina ya miezi 3.8 na 9.2, na kutembea peke yake baina ya miezi 8.2 na 17.6, na watoto wapatao 4 katika kila 100 hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti, bali walipita njia nyingine wakafika walikofika wenzao.

Katika tarakimu hizo mna rehema kubwa kwa mama anayeteswa na maneno ya majirani. Mtoto wa miezi kumi na mitatu aliye bado dede si mzembe wala hakurogwa. Yumo ndani ya muda wake. Lakini akitimiza miezi 18 naye hajapiga hatua peke yake, au akiupoteza uwezo aliokuwa nao, basi apelekwe kliniki bila ya ajizi, maana subira ni jambo jema na kupuuza ni jambo jingine.

Walakini kalenda hiyo haijiendeshi yenyewe. Mwaka 1976 mtaalamu wa Kimarekani, Charles Super, alieleza aliyoyaona kwa Wakipsigis wa Kokwet nchini Kenya. Mama wa huko humchimbia mtoto kishimo cha kina kidogo, akamzungushia blanketi, akamzoeza kukaa. Na baadaye humshika makwapani akamtembeza. Watoto hao walikaa na kutembea kiasi cha mwezi mmoja mbele ya watoto wa Marekani. Bali katika kutambaa, jambo ambalo mama zao hawakulifundisha, hawakuwa mbele. Funzo lake ni kwamba kiungo hufuata desturi ya nyumba: panapozoezwa hupata nguvu, na pasipopewa nafasi hungoja.

Ndiyo maana miongozo iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 inasema kuwa mtoto mchanga asiyetambaa alazwe kifudifudi, akiwa macho na akiangaliwa, kwa jumla isiyopungua nusu saa kila siku. Na kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne apate walau dakika 180 za kujishughulisha na viungo vyake kutwa, zikitawanywa asubuhi hadi jioni. Wala asifungwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa moja mfululizo, iwe kitini, garini au mgongoni. Mbeleko ni neema: imewatuliza wengi wetu, na mtoto aliye mgongoni husikia pigo la moyo wa mama yake. Lakini hata neema ina kiasi chake, na mtoto aliyebebwa asubuhi astahili kuteremshwa adhuhuri, miguu yake ionje ardhi. Kuhusu simu na televisheni, miongozo hiyo haipendekezi kabisa kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Kioo humpa mtoto mwendo wa kutazama na kumnyima mwendo wa kufanya.

Hapa pia nataja kile kigari cha kumtumbukiza mtoto kiunoni ili atembee kabla ya wakati, ambacho wazazi wengi hukinunua kwa mapenzi. Hakimharakishii mtoto kutembea, na kwa kasi yake humfikisha ngazini na jikoni kabla mama hajageuka. Kanada ilikipiga marufuku mwaka 2004. Mkeka, ukuta na kidole cha shangazi vyatosha.

Kungoja ni kazi ya mwili

Watu wengi hudhani kuwa kujizuia ni sifa ya roho peke yake, kwamba mtoto ama amezaliwa mtulivu ama amezaliwa mtundu. Lakini tazama watoto wanaocheza kombolela wakati wa magharibi. Aliyejificha nyuma ya pipa anataka kukimbia, naye anajua kwamba akikimbia mapema atatajwa jina. Hivyo huibana pumzi, huikaza miguu, hupima umbali wa mlinzi na kopo alilindalo, na huingoja nukta moja iliyo yake. Tazama wasichana wa rede: wawili wamesimama pande mbili wakirushiana mpira wa matambara, na wa katikati, huku akiukwepa, hana budi kuchutama akajaza mchanga katika chupa pasipo kuumwaga. Khofu inamwambia akimbie, chupa inamwambia atulie, naye hujifunza kuzitii zote mbili kwa zamu. Na tazama tinge, mchezo wa kale wa mwambao, ambamo kila afanyalo kiongozi wenziwe hulifuatisha: huinua mkono wakainua, huruka wakaruka, hutuama ghafula wakatuama. Kutuama huko kwa ghafula, mwili mzima ukitaka kuendelea, ndiko kujitawala kwa hali yake iliyo bayana kabisa.

Mwanasaikolojia wa Kirusi, Lev Vygotsky, katika mhadhara alioutoa Leningrad mwaka 1933, alitoa hoja kwamba mtoto katika mchezo huutii mwiko wa mchezo kwa hiari yake, akajinyima lile alitamanilo sana, kwa sababu kuutii kwenyewe kuna furaha iliyo kubwa zaidi. Mwanafunzi wa fikra hizo, Zinaida Manuilenko, alitangaza mwaka 1948 matokeo ya jaribio jepesi: watoto wadogo walioamrishwa tu kusimama bila ya kutikisika walichoka upesi, bali walipopewa kazi ya mlinzi katika mchezo walisimama kwa muda mrefu zaidi. Mtoto ni yuleyule na miguu ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba sasa utulivu umepata maana.

Wala sisi Waafrika si wageni katika elimu hii. Mwaka 2017 wataalamu walichapisha uchunguzi uliolinganisha watoto wa miaka minne wa Kijerumani na wenzao wa Kinso, wakulima wa Kamerun. Kila mtoto aliwekewa kitu kimoja kitamu mbele yake, akaahidiwa cha pili iwapo atangoja dakika kumi bila ya kukila. Wanso waliwekewa andazi la kwao liitwalo puff-puff. Katika Wajerumani waliongoja hadi mwisho ni kiasi cha watatu katika kumi. Katika Wanso ni kiasi cha saba katika kumi, na wengine walikaa kimya pasi na kuhangaika. Wachunguzi walihusisha jambo hilo na malezi ya mama wa Kinso, ambao humtambua mtoto haja yake na kuitimiza hata kabla hajalia, na kumzoeza utulivu tangu uchanga.

Nalitaja hili kwa furaha, lakini kwa hadhari, maana najua wapo watakaolisoma wakaliegemeza juu ya kiboko. Fimbo humtuliza mtoto maadamu mwenye fimbo yupo. Akitoka, utulivu humfuata nyuma. Mtoto hujitawala kwa kuazima kwanza utulivu wa mtu mzima, kama mwali wa taa unavyoazima moto wa taa nyingine. Mtoto wa miaka miwili anayejigaragaza kwa hasira kwa kuwa amenyimwa tui hana bado chombo cha kujizuia, huhitaji mtu atakayechutama mpaka macho yakalingana na macho, amwambie kwa sauti ya chini, "Umekasirika kwa kuwa ulilitaka tui, njoo ukae hapa nami," kisha angoje. Hayo ndiyo ambayo wataalamu wa siku hizi huyaita malezi yenye mwitikio, na bibi zetu waliyafanya bila ya jina.

Hatari si jaribio

Nikiwa na umri wa miaka minne, katika nyumba ya bibi yangu Ng'ambo ya Unguja, nilikililia kisu alichokuwa akimenyea muhogo. Wako waliocheka wakasema, "Mwana akililia wembe, mpe." Bibi hakunipa kisu, wala hakunifukuza, alikisogeza nyuma yake, akanipa kifuu na kipande cha muhogo, akasema, "Wewe nikwangulie hiki." Nikakwangua mpaka alasiri, mkono ukauma, na hasira ikasahaulika. Imenichukua miaka mingi kuufahamu ule uamuzi wa mara moja: aliondoa hatari, akabakisha jaribio.

Hatari ni kile ambacho mtoto hawezi kukiona wala kukipima. Jaribio ni kile anachokiona, akakipima, akajikaza nacho. Tawi la chini la mpera ni jaribio. Kisima kisicho na kifuniko ni hatari. Kuruka kamba, kuvuka gogo, kusukuma ringi kwa kijiti, kupanda ukuta unaofika kiunoni, hata kuanguka mchangani na kukwaruza goti, ni darasa. Mzazi anayelia "Utaanguka!" kila mtoto anapoinua mguu humfundisha khofu badala ya mizani, afadhali amwambie, "Shika kwanza, kisha uweke mguu," kwani neno hilo laweza kukumbukwa siku ambayo mzazi hayupo.

Bali kwa hatari zenyewe pasiwe na mjadala. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 yasema kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na takriban robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Si lazima iwe bahari: kichwa cha mtoto anayeenda tata ni kizito, akiinama ndani ya ndoo ya maji ya kuogea aweza kushindwa kujiinua, naye hapigi kelele wala harushi maji. Kisima na kifunikwe, pipa lifunikwe, ndoo imwagwe mara kazi inapokwisha.

Mkono wangu wa kushoto bado una kovu la uji niliojimwagia siku ambayo jiko la mkaa liliwekwa njiani. Jiko liinuliwe au litengwe pembeni, chungu na sufuria visiachwe ukingoni, na kitambaa cha meza kisining'inie mahali ambapo mkono mdogo utakivuta. Mtoto akiungua, mahali palipoungua papoeshwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa muda wa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na unga visipakwe kamwe. Mafuta ya taa yasitiwe katika chupa ya soda, kwa kuwa mtoto anaijua chupa wala haijui harufu. Na aliyeyanywa asitapishwe, bali akimbizwe hospitali. Hata kokoto za mdako, zilizo jaribio kwa dada wa miaka saba, ni hatari kwa mdogo wake wa mwaka mmoja ambaye kila kitu hukijaribu kwa kinywa: mchezo ukiisha, zihesabiwe na kuondolewa.

Kisha kuna njia. Vitongoji vyetu vimejaa magari na bodaboda, na watoto waliokuwa wakicheza barazani sasa wamefungiwa ndani, si kwa ukali wa wazazi bali kwa khofu yao ya haki. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend limetengeneza njia za miguu, matuta na vivuko karibu na shule, na kazi hiyo ikatunukiwa mwaka 2019 tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross Center. Nalisema hili ili tusiuache mzigo wote kwa mama: mzazi hufunika kisima, bali tuta la barabarani hulijenga mji. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeitaja haki ya kucheza na kupumzika sambamba na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Na Desemba 2021 serikali ikazindua jijini Dodoma programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Nchi iliyoandika hayo kisha ikauza kila kiwanja cha wazi imejipinga yenyewe.

Kazi ndogo za nyumbani

Mzazi asiye na ua wala kiwanja asikate tamaa, kwa sababu nyumba yenyewe imejaa vyombo vya mafunzo. Mpe mtoto wa miaka miwili kata na ndoo mbili, ahamishe maji kidogo toka huku hadi kule, nawe uketi naye mpaka mwisho. Wa miaka mitatu aweza kuchambua mchele katika ungo, akitafuta kijiwe kwa ncha za vidole, kazi ambayo haifanyiki kwa haraka wala kwa hamaki. Wa miaka minne aweza kukunja kanga pindo kwa pindo. Wa miaka sita hukaa karibu na nyanya yake anayesuka ukili, akapewa chane tatu aanzie. Na katika kupishanisha chane hizo, juu na chini, akifumua alipokosea na kuanza upya, hujifunza lile ambalo hakuna hotuba imewahi kulifundisha, kwamba kosa si msiba.

Hakuna mtihani wa madrasa hii nilioupenda kuliko ule wa Ramadhani. Kabla ya adhana ya magharibi mama huipakua futari iliyokwisha kupoa, muhogo au ndizi za nazi, akaitia katika bakuli na kuifunika kwa kawa, kisha akamwita mtoto wa miaka saba ampelekee jirani wa nyumba ya tatu, upande huohuo wa njia, pasipo kuvuka barabara. Mtoto hupokea kwa mikono miwili. Huenda polepole, macho mara kwenye bakuli mara kwenye ngazi, bega likilinganisha bega. Harufu ya nazi na iliki inapanda puani mwake, naye kwa mara ya kwanza mwaka huu amefunga mpaka adhuhuri. Wenziwe wanamwita mchezoni, naye hageuki. Mlangoni hupiga hodi, husalimu kwa shikamoo, hutoa amana ya watu pasi na kumwaga tone. Jirani hukipokea chombo, akakiosha, akakirudisha na tende tatu ndani yake, kwani kwetu chombo hakirudi kitupu.

Mtoto yule hurudi mbio, tende mkononi, na mama aliyekuwa amesimama kizingitini muda wote ule, asionekane wala asimwite, huingia ndani kimya akaendelea na kazi yake.